Mmemla Mgomaji

Sikilizeni, watu wa Kisii na Nyamira, kuanzia Nyansiongo hadi Ogembo, kuanzia Keroka hadi Suneka. Neno hili halielekezwi kwa kampuni za chai za Kericho. Hizo zimeshtakiwa Kericho, zimeshtakiwa London, zimeanikwa kwenye televisheni za dunia, na zina mawakili wa kuzitetea. Neno hili ni lenu mliobaki nyumbani, mnaokunywa chai ya maziwa asubuhi mkisema, "Watu wetu wamegoma tena huko," kisha mnaomba kuongezewa sukari.

Mimi si Sakagwa. Yule mzee mtabiri, inavyosimuliwa, aliwaona wageni kabla hawajafika, akaonyesha pale Getembe mahali ambapo mji wa Kisii ungesimama. Kuona ya kesho ni kipaji cha wachache. Haya ninayoyasema hayahitaji kipaji. Yako kwenye daftari la madeni dukani, kwenye mpaka wa shamba na kwenye mzani wa majani chai. Kama ni lazima nimtaje mtu wa zamani, nitamtaja Moraa wa Ng'iti, yule mama aliyewakemea vijana wa Gusii kwa kukaa kimya huku nchi yao inachukuliwa, hadi Januari 1908 Otenyo Nyamaterere akamchoma mkuki afisa Mwingereza, Northcote. Moraa hakupoteza ulimi wake kwa Waingereza, ambao wasingemsikia. Aliwageukia watu wake.

Kilichofuata mnakijua, kwa hiyo nitakipitia upesi. Kikosi cha adhabu kilikuja, kama kilivyokuja 1905. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Ikaja kodi ya nyumba, na kodi ile haikulipwa kwa wimbi, ilitaka pesa. Kikaja kipande, kile kitambulisho cha mfanyakazi, shingoni. Brooke Bond na James Finlay walipofungua mashamba yao Kericho katika miaka ya 1920, kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, babu zetu walikwenda huko kwa miguu kutafuta pesa hiyo. (Wakipsigis wana kilio chao, na ukoo wa Talai uliohamishiwa Gwassi kwa nguvu mwaka 1934 una kilio kikubwa zaidi, siku nyingine nitakisema.) Babu zetu walifanya kazi kwa tikiti ya siku 30 wakipewa posho ya unga, na watoto wakichuna pamoja na wakubwa. Ni karne nzima sasa. Mabati mangapi ya Gusii, karo ngapi na mahari ngapi zimetoka kwenye kikapu cha mtu aliyeinama Kericho? Mngekuwa na haya, mngejaribu kuhesabu.

Basi tazameni mgomo unavyomfanya mtu huyo. Mchuna chai hulipwa kwa kilo. Asipochuna hakuna kilo, na pasipo kilo hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Nyumba anayolala, ile ya laini yenye chumba kimoja na jiko la nje, imefungamana na kazi. Kazi ikitikisika, nyumba nayo inatikisika. Oktoba 2010 waligoma kupinga mashine za kuchuna chai, maana mashine moja inawang'oa shambani watu kadhaa kwa mpigo. Mwaka 2016 mahakama iliwapa nyongeza ya asilimia 30, waajiri wakakata rufaa, na Oktoba 2017 maelfu wakaweka vikapu chini wakidai kile ambacho jaji alikuwa amekwisha kusema ni chao. Mei 2023 mashine zikachomwa moto. Magazetini kulikuwa na waajiri, kulikuwa na chama cha wafanyakazi wa mashamba, kulikuwa na gavana na polisi. Sufuria ya mgomaji haikuwa na msemaji.

Wachimba makaa ya mawe walilijua jambo hili kabla yetu. Kule Colorado, Marekani, wachimbaji waligoma Septemba 1913, na kwa kuwa nyumba zilikuwa za kampuni, familia zao zilitolewa nje. Walikaa kwenye mahema pale Ludlow msimu mzima wa baridi. Tarehe 20 Aprili 1914 askari waliwashambulia na mahema yakachomwa. Watoto 11 na wanawake wawili wakafia kwenye shimo walilojificha chini ya hema. Walioupiga mgomo ni wanaume. Waliokufa shimoni ni wake na watoto.

Mke na watoto wa mchuna chai wana shimo gani la kujificha? Wanalo moja tu, nalo ni nyumbani, Gusii. Mgomo ukirefuka, mwanamume hubaki kulinda nafasi yake na mama hupakia watoto kwenye matatu: Litein, Kaplong, Sotik, Keroka. Safari ya saa mbili na ushee. Anashuka na begi moja, blanketi na sufuria mbili, akiamini kwamba amefika kwa watu wake.

Na hapo ndipo nyinyi mnapoingia.

Wewe mwenye duka, nianze na wewe, maana ndiye wa kwanza kuendewa. Anakuja jioni sana, wateja wakiwa wamepungua, kwa sababu ya aibu. Anasimama pembeni hadi mwenye kununua sigara aondoke. "Mzee, naomba unga pakiti moja na mafuta ya kupima. Baba watoto akitumiwa mshahara nitaleta." Nawe unajibu kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la nje: "Mama, si nasikia bwana yako amegoma? Sasa mshahara atatumiwa na nani?" Benchi linacheka. Kisha unampa unga, ndiyo, hukumnyima. Lakini unauandika kwa bei yako mwenyewe, shilingi 20 zaidi ya aliyelipa taslimu, na unakishika kitambulisho chake. Huyo ni mwanamke ambaye kwa miaka mingi, kila tarehe za mwisho wa mwezi, pesa za Kericho ziliingia kwenye simu ya mama mkwe wake na kutolewa kwenye dirisha lako hilohilo, ukila kamisheni. Mabati ya duka lako yana mkono wake. Mwezi mmoja tu amekosa, umemfanya mzaha wa benchi.

Jirani yako shailoki, mkopeshaji wa riba, simsemi sana. Yeye hajifanyi mwema. Anashika kadi ya ATM pamoja na namba ya siri, na mgomo ukiisha anasimama kwenye mashine ya benki Kericho akitoa mshahara wa mtu kabla ya mwenyewe. Wengine wao, nimeambiwa na waliokopa, ni watoto wa hukuhuku kwetu.

Msiniambie kwamba njaa ya mgomo ni kawaida, kwamba ndivyo dunia ilivyo. Mwaka 1926 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza, wapatao milioni moja, walifungiwa milango ya migodi kuanzia Mei hadi mwisho wa mwaka ukakaribia. Walishindwa, walirudi kwa mshahara pungufu na saa nyingi zaidi. Lakini katika miezi ile yote kulikuwa na majiko ya pamoja vijijini, watoto wakila kwa zamu kwenye kumbi za makanisa, na maduka ya ushirika yakiwakopesha hadi yenyewe yakayumba. Vyama vya wafanyakazi vya Urusi, watu ambao hawajawahi kumwona mchimbaji wa Wales kwa macho, vilichanga zaidi ya pauni milioni moja zikavuka bahari. Sisi tuko kilomita mia moja hivi kutoka Kericho, damu moja, ukoo mmoja, lugha moja, na hatukupeleka hata gunia la mahindi.

Na tulikuwa na desturi zake! Hatukuhitaji Mrusi wa kutufundisha. Palikuwa na egesangio, watu wakilima shamba la huyu leo na la yule kesho, na mjane hakurukwa kwenye zamu. Palikuwa na risaga, mtu akiita majirani, anawapikia, kazi inakwisha kwa siku moja. Leo mikono hiyo tunaipeleka kwenye kitu kimoja tu: mazishi.

Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana hapa ndipo mnaponikera kuliko kote. Mtoto wa mgomaji akiugua nimonia, mama anazunguka nyumba kumi akitafuta shilingi za kumfikisha hospitali ya Keroka au Nyamira, na kila nyumba ina sababu yake. Karo imebana, mbolea imepanda, ng'ombe hajakamuliwa. Mtoto akifa, pesa zinafufuka. Kundi la WhatsApp linaundwa usiku uleule. Mjomba wa Nairobi anatuma, shangazi wa Marekani anatuma. Hema nne, viti vya kukodi, spika za kusikika ng'ambo ya mto, fulana zenye picha ya marehemu, ng'ombe wawili kwenye sufuria. Mheshimiwa anafika saa saba na msafara, anasema siasa dakika arobaini juu ya jeneza dogo, anaacha bahasha. Jumla ya siku ile ingelipa unga wa familia ile mwaka mzima. Mnajua hivyo, kwa maana mhazini wa kamati alisoma hesabu mbele yenu na mkapiga makofi.

Mmemfanyia mtoto yule karamu ya chakula alichokosa.

Nikitoka hapo nije kwa ndugu. Mwanamume aliyechuna Kericho miaka ishirini hana kitu kingine duniani isipokuwa kile kipande cha mlima alichoachiwa na baba, na vipande vyetu mnavijua: robo eka, pengine chini ya hapo, kwa sababu tumezaana na ardhi haijazaa. Yeye yuko mbali. Wewe ndugu yake uko karibu. Mwaka wa kwanza unalima ukingoni kidogo, kwa nia njema, shamba lisikae msitu. Mwaka wa tatu unapanda majani ya ng'ombe. Mwaka wa tano unapanda mikaratusi, na anayepanda mikaratusi kwenye shamba la mwenzake ametoa tangazo, maana mti ule hauondoki na visiki vyake vinachipua tena. Mgomo unapomrudisha, au mashine inapomrudisha, anakuta miti yako imesimama pale ambapo baba alimwonyesha atajenga. Unamwambia, "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa Kericho." Kericho nako wanamwambia yeye ni mtu wa Kisii.

Kumkana mtu hivi tulikufanya mchana kweupe mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 makundi yaliingia kwenye laini za chai Kericho, yakaua, yakabaka, yakachoma. Waliowindwa walikuwa hasa watu wetu. Wengine walilala usiku kucha chini ya michai. Wafanyakazi na jamaa zao 218 walipeleka madai London dhidi ya Unilever, na Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya huko ikawafungia mlango. Hilo ni la London. La kwetu ni hili: walipovuka mpaka pale Chepilat wakiwa na nguo walizovaa, wengi hawakwenda kambini, walikuja kwa jamaa. Kwa kuwa hawakuwa kambini, serikali ilipogawa ile shilingi 10,000 ya kuanzia maisha na 25,000 ya nyumba iliyochomwa, wao wakarukwa, na walingoja miaka. Serikali ilisema wamepokewa nyumbani. Nauliza: walipokewa na nani? Na hizo pesa za wakimbizi wa ndani zilipokuja hatimaye, majina mangapi kwenye orodha yalikuwa ya watu ambao hawajawahi kulala hata usiku mmoja Kericho? Walioandika orodha hizo walitoka hapahapa. Mlikula pesa ya mtu aliyelala chini ya mchai akisikiliza jirani yake akiuawa.

Juu ya mabinti nitasema kwa kifupi, maana wenyewe wamesema kwa ndefu. Februari 2023 BBC ilitangaza kwamba wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai waliieleza jinsi wasimamizi walivyowadhulumu, wengine wakitaka miili yao kabla ya kuwapa kazi nyepesi au kazi yenyewe. Dunia ilishtuka wiki mbili. Huku kwetu mnyapara wa aina hiyo alijulikana kwa jina la utani tangu zamani. Mabinti mliwatuma mkijua, pesa mkapokea bila kuuliza, na aliyerudi na mimba mkamwita malaya. Mshtuko wenu wa 2023 ulikuwa wa maonyesho.

Sasa wewe mkulima wa Nyamira, unayetikisa kichwa ukikubaliana nami juu ya kampuni kubwa. Njoo karibu. Una michai elfu mbili, una namba ya mkulima, unapeleka majani Kebirigo au Sanganyi au Nyankoba. Kila mwaka bonasi ikitangazwa unalia kwa haki, kwa sababu wakulima wa Mlima Kenya hupata kwa kilo kiasi ambacho sisi wa magharibi mwa Bonde la Ufa tunakiona redioni tu. Unasema wakubwa wanatuibia, mzani wa senta unapunja, gunia linakatwa uzito, mkurugenzi ananenepa. Unatishia kuacha kupeleka majani, na huo nao ni mgomo. Nitakuunga mkono siku utakayonieleza unamlipa nini anayekuchunia.

Nimewaona kwenye mteremko saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwalowesha hadi kiunoni, gunia la plastiki limefungwa mbele kuzuia maji. Majani mawili na chipukizi, mawili na chipukizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu usiotoka kwa sabuni. Anachuna kilo 30 kwa siku njema, nawe unampa shilingi nane au kumi kwa kilo, na ukifika kwenye mzani wako wa kamba unamkata kilo mbili "za maji." Kiwanda kikikukata wewe kilo moja, unaita waandishi wa habari. Bonasi ikiingia, ambayo imetokana na kilo alizochuna yeye, hapati hata sukari nusu kilo. Akikuomba umwongeze shilingi moja unamwambia aende, wapo wengi. Msemo huo, "wapo wengi," ndio uliosemwa na kila mwenye mgodi kwa kila mchimbaji, na wewe umeujua bila kusoma.

Na mara nyingi anayechuna si kibarua. Ni mke wako. Hati ya shamba ina jina lako, namba ya mkulima ina jina lako, akaunti ya benki ina jina lako. Amechuna tangu Julai hadi Juni, mtoto mgongoni. Bonasi inaingia asubuhi. Kufikia saa nne umevaa koti, umepanda bodaboda, umezima simu. Wahudumu wa baa za mji wa Kisii wanaijua kalenda ya bonasi kuliko mapadri wanavyoijua ya Kwaresima. Unarudi siku ya nne na mfuko wa nyama kilo moja na hasira nyingi, na akiuliza unampiga. Kisha unakwenda kwenye mkutano wa wakulima kusema umedhulumiwa.

Umedhulumiwa kweli, sikatai. Lakini wewe ni kampuni ndogo. Una laini yako ya chumba kimoja, una mnyapara wako ambaye ni wewe mwenyewe, una mgomaji wako asiye na chama wala wakili, na mgomo wake pekee ni kufunga mizigo arudi kwao. Ndipo unapoita wazee wakamwambie avumilie.

Wengine mtasema haya ni ya watu wa chai, kwenu hamna chai. Haya, twende Tabaka. Kuna mgodi wa mawe ya sabuni. Mlima unachimbwa kwa sururu na mtalimbo, wanaume wanashuka kwenye mashimo yasiyo na nguzo, na mvua za masika zikilegeza kingo udongo unashuka juu yao. Jiwe linatoka jeupe, la waridi, la kijivu. Mwanamume analichonga kiboko au sahani. Mke na watoto wanaketi kuzunguka karai la maji wakisugua kwa msasa, na lile linalochongwa likiwa kavu linatoa vumbi jepesi la unga linalokaa kwenye nywele, kwenye kope na kwenye mapafu. Watalii huzipenda sana sanamu hizo, na jina la Kisii limefika Ulaya juu ya vinyago hivyo. Anayekuja kuzinunua kwa bei ya kutupa na kuzipeleka Nairobi na Mombasa si mgeni siku zote. Mara nyingi ni kijana wa kijiji kile, aliyekulia kwenye vumbi lile, aliyepata simu nzuri na mnunuzi mmoja wa ng'ambo. Anajua mvua ikinyesha wiki mbili mgodi haufikiki na nyumba zile hazina unga. Anangoja wiki ya tatu ndipo aje kununua. Wale hawawezi hata kugoma; watamgomea nani? Jiwe?

Wachungaji na mapadri, nawaheshimu, nyumba zenu nyingi zimejengwa na sadaka ya mchuna chai. Sabato kwa Sabato na Jumapili kwa Jumapili mnawaombea wasafiri, wagonjwa, wanafunzi wa mtihani na viongozi wetu. Nitajieni ibada moja ya Oktoba 2017 mliyomwombea mgomaji kwa kumtaja hivyo, mgomaji, kisha mkapitisha kikapu cha unga. Mliogopa kuonekana mnaingilia siasa. Hamkuogopa kumpa mwanasiasa kipaza sauti madhabahuni.

Juu ya wanasiasa sina la kuongeza. Wao huja mgomo ukiwa na kamera.

Na wewe kijana unayesikia kwamba Kericho kumegomewa, ukaona ni nafasi ya kupata kazi, najua huna kazi, najua una stashahada imelala kwenye bahasha na mama yako anakutazama kila asubuhi. Sikuiti msaliti kwa wepesi. Lakini kikapu utakachopewa kimetoka mgongoni kwa mtu, na mtoto wa mtu huyo anasoma shule moja na mdogo wako, kama bado hajafukuzwa kwa karo. Ukikishika, bei ya kilo itashuka kwa wote, na ile mashine ikija haitauliza nani aligoma na nani hakugoma. Mwaka 2010 walituonya kuhusu mashine hiyo, tukasema ni kelele za watu wa chama. Leo inanguruma mashambani, na laini zilizokuwa zimejaa watoto zina vyumba vitupu.

Mgomo mwingine utakuja. Mashamba makubwa ya Kericho yamebadilisha wenye mali katika miaka hii michache, kazi inapungua, na waliobaki hawatanyamaza milele. Mke na watoto watashuka tena Keroka na begi na sufuria mbili. Mwenye duka, mrudishie kitambulisho chake kabla ya siku hiyo na umuuzie unga kwa bei ya kila mtu. Kamati ya mazishi, fungueni akaunti ya walio hai, na mhazini awe huyohuyo, maana amethibitisha kuwa pesa hupatikana. Mkulima, ongeza jina la mke wako kwenye akaunti ya bonasi, na umlipe mchunaji wako kilo zote alizopima, za maji na za majani. Na wewe ndugu uliyepanda mikaratusi kwenye shamba la mtu wa Kericho, ing'oe na visiki vyake. Mwenyewe bado yu hai.